Muuguzi agonge mlango mwenyewe, au amtume mhudumu wa jamii? Njia tatu za kufikisha uuguzi nyumbani

Utafiti wa afya na idadi ya watu Tanzania wa 2015/16 ulikuta watoto 67 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Ni hatua kubwa. Lakini ukitazama siku 28 za mwanzo za maisha peke yake, namba ilikuwa 25 ikawa 24, yaani karibu palepale. Na katika kipindi hichohicho, wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Mama anakuja, anajifungua mikononi mwa mkunga, anaruhusiwa, anapanda bodaboda na kichanga chake kurudi kitongojini, na kuanzia hapo wengi hawaonwi tena na mtaalamu mpaka siku ya chanjo.

Sehemu ya vifo hivyo hutokea wodini, katika saa za mwanzo, na dawa yake ni kuboresha huduma ya uzazi yenyewe: mkunga wa kutosha zamu ya usiku, kifaa cha kumsaidia mtoto asiyepumua, rufaa inayotoka kwa wakati. Muuguzi wa kitongojini hawezi kuziba pengo hilo, na anayemwahidi mwananchi kwamba ataliziba anamdanganya. Ila kuna watoto wanaofariki siku ya tatu, ya tano, ya kumi, wakiwa nyumbani, baada ya kuacha kunyonya au kupata joto kali ambalo hakuna aliyelijua maana yake. Hao ndio wanaonifanya niandike. Pamoja nao yupo bibi mwenye kisukari ambaye kidonda cha mguu kinafungwa kitambaa cha kanga, na baba aliyepata kiharusi anayegeuzwa kitandani na mjukuu wa darasa la sita.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uanze mwaka 2007, lengo lilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo mengi yamesimama. Umbali uliobaki ni ule wa kutoka mlango wa zahanati hadi mlango wa nyumba, na halmashauri zinapopanga bajeti huwa na njia tatu za kuuvuka. Kila njia ina watetezi wake. Nawalinganishia hapa wajumbe wa kamati za zahanati, madiwani, waganga wafawidhi na timu za afya za wilaya, kwa sababu fedha ya kufanya zote tatu kikamilifu haipo.

Njia zenyewe

Ya kwanza tunaijua sote: huduma za mkoba. Mara moja kwa mwezi muuguzi anabeba chanjo kwenye kisanduku baridi, anakwenda hadi chini ya mwembe au ofisi ya mtendaji, mizani inaning'inizwa, watoto wanapimwa, wajawazito wanaonwa, jioni anarudi.

Ya pili ni muuguzi wa eneo. Anapewa kaya zake kwa majina, anazitembelea kwa zamu, na jamii inajua kwamba huyu ni wa kwetu. Uingereza ilianza hivi zamani: mwaka 1859 mfanyabiashara wa Liverpool, William Rathbone, alimwajiri muuguzi Mary Robinson awahudumie maskini majumbani mwao. Afrika, mfano unaojulikana sana ni Ghana, na nitakaa hapo kidogo.

Ya tatu ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanakijiji waliofunzwa, muuguzi akibaki msimamizi wao. Tanzania imeichagua hii kitaifa: Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao wenye lengo la kufikia zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanamume. Kenya nayo ilizindua wahamasishaji wake wa afya ya jamii, wapatao 100,000, Septemba 2023.

Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama taifa limeshachagua, sisi wa halmashauri tunachagua nini tena? Tunachagua jambo zito kuliko yote, nalo ni muuguzi atakuwa wapi. Mpango wa kitaifa unaleta wahudumu. Haukuambii muuguzi mkunga wa zahanati yako atatoka siku ngapi kwa wiki, nani atashika nafasi yake, na mhudumu akikuta mtoto hanyonyi saa mbili usiku atampigia nani.

Navrongo na Kilombero

Mwaka 1994, katika wilaya ya Kassena-Nankana kaskazini mwa Ghana, kituo cha utafiti cha Navrongo kilianza jaribio ambalo kila anayepanga uuguzi wa jamii angepaswa kulijua. Waligawa wilaya katika maeneo manne. Eneo moja wauguzi waliondolewa kwenye vituo na kupelekwa kuishi kijijini, katika nyumba iliyojengwa kwa nguvu za wananchi chini ya usimamizi wa machifu wao, wakapewa pikipiki na kuanza kupita nyumba kwa nyumba. Eneo la pili waliwekwa wajitoleaji wa kijiji peke yao. La tatu wauguzi na wajitoleaji pamoja. La nne liliachwa na huduma za kawaida.

Pale muuguzi alipohamia kijijini, vifo vya watoto vilishuka sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu. Wapo waliochambua takwimu hizo kwa njia nyingine wakapata punguzo dogo zaidi, ila mwelekeo ni uleule. Pale walipowekwa wajitoleaji peke yao, vifo vya watoto havikushuka. Gharama ya ziada ilikuwa dola 1.92 kwa mtu kwa mwaka, juu ya dola 6.80 zilizokuwa zikitumika kwa huduma za msingi. Ghana ikaufanya mfumo huo kuwa sera ya taifa.

Jambo moja la Navrongo husahaulika. Muuguzi peke yake hakutosha kubadilisha uzazi wa mpango. Mabadiliko hayo yalionekana pale muuguzi alipofanya kazi pamoja na wajitoleaji, kwa kuwa wajitoleaji na machifu ndio walioweza kukaa na wanaume na kuzungumza nao. Huduma ikawa ya muuguzi, mlango ukafunguliwa na jamii.

Sasa njoo nyumbani. Kuanzia mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara iliendesha mradi wa Connect katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Rufiji, ukihusisha vijiji 101. Karibu nusu ya vijiji hivyo vilipewa wahudumu waliochaguliwa na vijiji vyenyewe, wakafunzwa kwa miezi tisa na kulipwa mshahara. Waliitwa WAJA, wawezeshaji wa afya ya jamii. Hawakuwa watu waliookotwa tu: mafunzo yao yalikuwa marefu kuliko ya programu nyingi za namna hiyo. Hata hivyo, kwa kipindi chote cha mradi vifo vya watoto chini ya miaka mitano havikupungua kuliko vijiji vya kulinganishia. Miaka miwili ya mwanzo palikuwa na nafuu kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano, kisha nafuu ile ikafifia, na watafiti waliihusisha na kukatika kwa dawa. Kwa watoto wachanga wa chini ya mwezi mmoja hapakuwa na badiliko.

Huko Lindi na Mtwara pia, mradi wa wajitoleaji waliowatembelea wajawazito na wazazi ulibadilisha desturi nzuri kadhaa, kama kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee, lakini vifo vya wachanga havikushuka.

Ni lazima niwe mwadilifu na ushahidi huu. Ghana ya kaskazini miaka ya 1990 ilikuwa na vifo vingi mno, na palipo na vifo vingi kila hatua nzuri huonekana haraka. Kilombero ya 2011 ilikuwa na vyandarua, chanjo na zahanati za karibu zaidi. Huwezi kuweka majaribio haya mawili kwenye mizani moja ukasoma tofauti kama bei ya sukari. Lakini ukiyasoma pamoja, yanasema kitu ambacho kila mkunga mwenye uzoefu atakubaliana nacho: kumjua mtoto anayeumwa ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni mtu mwenye ujuzi na dawa mkononi kumfikia mtoto yuleyule siku ileile. Mhudumu wa jamii anaifanya nusu ya kwanza vizuri sana. Tukimnyima ya pili, tunampa jukumu la kushuhudia.

Saa za muuguzi

Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa sababu huandikwa kana kwamba muuguzi ana mwezi wa siku 40.

Chukua kijiji chenye kaya 600 na vitongoji vitano. Ukichagua muuguzi wa eneo na kutaka kila kaya itembelewe mara moja kila robo mwaka, hizo ni ziara 200 kwa mwezi. Siku za kazi ni kama 22. Ziara tisa kwa siku, kwa miguu au kwa pikipiki, kila siku, bila kumwona mgonjwa hata mmoja zahanati. Kwa zahanati yenye wauguzi wawili, mmoja zamu ya mchana na mwingine amelala baada ya kuzalisha usiku kucha, haiwezekani. Ghana waliweza kwa kuwa muuguzi wa kijijini alikuwa wa kijijini hasa: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, si nyongeza juu ya nyingine.

Chukua kijiji kilekile na wahudumu kumi, wawili kwa kila kitongoji. Kila mmoja ana kaya 60. Akipita kaya tatu kwa siku, mwezi mmoja anazimaliza zote na siku mbili za ziada. Muuguzi anatakiwa kutembea na kila mhudumu nusu siku kwa mwezi, aone anavyohesabu pumzi za mtoto, asahihishe daftari, aingie kwenye zile nyumba ambazo mhudumu ameweka alama. Nusu siku mara kumi ni siku tano. Karibu robo ya mwezi wa kazi. Hii inawezekana, lakini si bure, na mpango usioandika siku hizo tano popote unategemea huruma ya muuguzi. Huruma anayo. Muda hana.

Huduma za mkoba kwa hesabu hii ndizo nafuu: siku moja kwa kila kitongoji cha mbali, watoto wengi kwa mara moja, chanjo haziharibiki. Kwa chanjo sioni sababu ya kuziacha. Udhaifu wake ni kwamba zinawaona wanaokuja. Mama aliyejifungua juzi na bado anatokwa damu hatembei kwenda mwembeni. Mzee wa kiharusi hafiki. Binti wa miaka 16 mwenye mimba anayoficha hatakuja kukaa mstarini mbele ya mama wa kambo na majirani. Na kidonda hakingoji tarehe ya mwezi ujao.

Posho, dawa na nyumba

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kuhusu wahudumu wa jamii, lilipendekeza walipwe kulingana na ukubwa wa kazi wanayofanya, na malipo yasitegemee tu matokeo. Kenya iliweka posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, kwa mhamasishaji mwenye takriban kaya 100. Kuchangia ni jambo jema kwa kuwa kaunti inaona mradi ni wake. Hatari yake ni wazi pia: mfuko mmoja ukichelewa, anayebeba ucheleweshaji ni mtu wa mwisho kabisa, yule anayetembea. Kenya imemweka pia afisa maalumu wa afya ya jamii kuwasimamia wahamasishaji, kazi ambayo kwetu inaangukia zahanati. Mpango wao unamwachia muuguzi wa zahanati nafasi ya kutibu, lakini unaweza kumfanya asiwajue kabisa wanaomletea wagonjwa. Nikilinganisha, napendelea msimamizi awe ni muuguzi yuleyule atakayempokea mgonjwa aliyeandikiwa rufaa. Mhudumu akijua kwamba karatasi yake itasomwa na mtu anayemfahamu kwa jina, ataiandika kwa makini, na mama ataiamini.

Zanzibar nako kuna la kujifunza. Mpango wa Jamii ni Afya umewapa wajitoleaji wa wilaya zote 11 simu zenye programu inayowaongoza hatua kwa hatua wakati wa ziara. Simu inasaidia mhudumu asisahau swali, na inamsaidia msimamizi kuona nani hajatembelewa. Ila programu haimfungi mgonjwa kidonda, na taarifa isiyosomwa na mtu yeyote kituoni ni kazi iliyotupwa.

Dawa sitasema mengi, Connect imeshasema. Anayechagua njia ya wahudumu bila kuhakikisha dawa zahanati anachagua miaka miwili ya matumaini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zinazochangwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo kamati ya zahanati ina sauti halisi juu ya nini kinanunuliwa. Gozi, bandeji, glovu na mashine ya kupimia shinikizo la damu ya kubebeka havigharimu kama jengo.

Nyumba ya muuguzi ni suala ambalo wanaume wenye kupanga hulipita haraka. Muuguzi wa jamii kwa kawaida ni mwanamke, mara nyingi ana watoto wadogo. Ukimwambia ahamie kitongoji cha mbali pasipo nyumba yenye kufuli, maji na jirani wa kuaminika, atakubali barua, ataripoti, kisha ataanza kutafuta uhamisho. Hana kosa. Navrongo walijenga nyumba kwanza, muuguzi akafuata. Anayetaka njia ya pili kijijini aanze na matofali.

Mjini ni habari nyingine

Yote niliyosema yanahusu zaidi mama na mtoto vijijini. Ukiingia Temeke, Nyamagana au Mombasa, picha inageuka. Zahanati iko karibu, na mara nyingi maduka ya dawa yako karibu zaidi. Kinachokosekana ni uuguzi wa muda mrefu nyumbani: kisukari, shinikizo la damu, saratani iliyofika hatua ya maumivu, mpira wa mkojo unaohitaji kubadilishwa, vidonda vya kulala.

Kwa wagonjwa hawa mhudumu wa jamii hawezi kuwa ndiye mtoa huduma mkuu, hata afunzwe vipi. Kubadilisha mpira wa mkojo kwa usafi, kusafisha kidonda kilichoingia hadi kwenye mfupa, kuamua kwamba maumivu haya sasa yanahitaji mofini, ni kazi ya muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwenye kuwajibika kwa leseni yake. Hapa njia ya pili haina mshindani.

Mfano unaotajwa sana ni Buurtzorg ya Uholanzi, iliyoanzishwa na muuguzi Jos de Blok, timu yake ya kwanza ikianza kazi mjini Almelo. Uholanzi ilikuwa imeukata uuguzi wa nyumbani vipande vipande: mtu mmoja anakuja kuogesha, mwingine kuchoma sindano, mwingine kufunga kidonda, kila kipande na dakika zake na bei yake. Buurtzorg iliunda timu za wauguzi wasiozidi 12, wenye mtaa wao, wanaopanga ratiba yao wenyewe bila meneja juu yao, na kila mgonjwa ana wauguzi wachache anaowajua. Saa moja ya muuguzi wao ni ghali zaidi kwa sababu ni mtaalamu, lakini kila mgonjwa hutumia saa chache zaidi, maana mtaalamu huona tatizo mapema na humfundisha mgonjwa na familia kujitegemea.

Cha kuiga ni timu ndogo yenye mtaa wake na haki ya kupanga siku yake. Cha kutoiga kwa haraka ni hesabu zake, kwa kuwa Uholanzi saa ya muuguzi nyumbani inalipwa na bima. Kabla halmashauri ya jiji haijatangaza timu ya aina hiyo, ijue kwa maandishi nani analipa ziara. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na mbegu ya jambo hili, huduma za wagonjwa majumbani kwa watu wanaoishi na VVU. Wauguzi waliozoea kazi ile wapo, wengine wamestaafu na nguvu bado wanazo. Ningeanza kwa kuwaita hao.

Fungueni rejesta kwanza

Kabla ya kuchagua, tathmini haihitaji mshauri kutoka nje. Rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zipo kabatini. Chukua rejesta ya wodi ya wazazi, kitabu namba 12, toa majina yote ya waliojifungua mwezi fulani uliopita. Kisha fungua namba 13, ya huduma baada ya kujifungua, uwatafute mmoja mmoja. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Hesabu wangapi walionwa siku ya tatu. Hesabu wangapi walionwa wiki ya pili. Namba hiyo itawaambia wajumbe wa kamati jambo ambalo hotuba haiwezi.

Halafu kaeni na wenyeviti wa vitongoji mchore ramani ya hao wasioonekana wanakotoka. Mara nyingi utakuta wamekusanyika sehemu moja au mbili, ng'ambo ya mto au kwenye makambi ya wavuvi na wachungaji. Ikiwa hivyo, huna haja ya kubadili mfumo wa kata nzima. Unahitaji jibu la kitongoji kimoja.

Mwombeni pia muuguzi aandike kwa wiki moja anatumiaje saa zake. Msimpime kwa nia ya kumkamata. Mtashangaa saa ngapi zinakwenda kwenye kujaza rejesta na kusafiri kwenda wilayani kupeleka ripoti, saa ambazo karani au mhudumu angeweza kuzirudisha. Na msiwaulize akina mama maoni yao mkiwa kituoni, mbele ya anayewahudumia. Nendeni kwao, mwanamke akaulizwe na mwanamke mwenzake.

Ningechagua nini

Kwa kijiji cha kawaida chenye zahanati, wauguzi wawili au watatu na wahudumu wa mpango mpya, ningechagua njia ya tatu, kwa sharti moja lisilojadiliwa: muuguzi mmoja atajwe kwa jina kuwa wa jamii, apewe angalau siku mbili kila wiki zilizoandikwa kwenye ratiba na kusainiwa na mganga mfawidhi, na siku hizo zisichukuliwe kwa ajili ya semina. Mhudumu atembelee kaya zote. Muuguzi atembelee alizowekewa alama: kichanga cha wiki ya kwanza, mjamzito mwenye shinikizo, kidonda, mgonjwa wa kulala. Bila sharti hilo njia ya tatu inageuka kuwa kama lile eneo la pili la Navrongo, la wajitoleaji peke yao, na tumeshaona iliishia wapi.

Kwa kitongoji kilichokatika kabisa, ambako masika hakuna pikipiki inayopita, ningetafuta nguvu za wananchi zijenge nyumba na kumweka muuguzi huko, hata kama ni mmoja tu kwa halmashauri nzima kwa kuanzia. Ni ghali. Hakuna kingine kitakachofanya kazi huko kwa miezi minne ya mwaka.

Kwa mjini, timu ndogo ya wauguzi kwa kata mbili au tatu, wakihudumia wagonjwa wa muda mrefu tu, wahudumu wa mtaa wakiwaletea majina. Watoto na wajawazito wa mjini waendelee na kliniki, isipokuwa wale ambao rejesta imeonyesha wamepotea.

Huduma za mkoba zibaki kila mahali kwa chanjo, wala zisihesabiwe tena kwenye ripoti kama uuguzi wa jamii.

Kwenye bajeti, vifungu vinavyosahaulika ni mafuta ya pikipiki na matengenezo yake, vocha ya simu ya muuguzi na ya kila mhudumu, mkoba wa vifaa vya kufungia vidonda unaojazwa kila mwezi, na malipo ya mtu wa kushika zamu zahanati muuguzi anapotoka. Hicho cha mwisho ndicho huondolewa kwanza fedha zikipungua, na kikiondoka muuguzi harudi tena kitongojini. Kama halmashauri haiwezi kulipia siku mbili, ilipie moja, na siku hiyo iwe ya watoto waliozaliwa wiki hiyo na mama zao tu. Orodha yao iko kwenye kitabu namba 12, na kwa zahanati nyingi haizidi ukurasa mmoja.